Maji ya Kayabwe na "ukweli wa kila mtu"

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni dereva wa gari la abiria kati ya Kampala na Masaka. Juzi nilisimama Kayabwe, penye alama ya ikweta, tukatazama lile onyesho la maji. Hatua chache kaskazini mwa mstari, maji yalishuka kwenye tundu la beseni yakizunguka kama mishale ya saa. Kusini yakazunguka kinyume. Juu ya mstari wenyewe yakashuka moja kwa moja. Mpwa wangu anayesoma chuo kikuu anasema ni kiini macho. Abiria mmoja akatusuluhisha kwa kusema kwamba kila mtu ana ukweli wake. Je, ndivyo? Mimi niliona kwa macho yangu.
Msomaji, Masaka

JIBU: Ndugu msomaji, macho yako hayakukudanganya, na mpwa wako naye hakukosea. Aliyekosea ni msuluhishi.

Uliona maji yakizunguka, na yalizunguka kweli. Hukuona kilichoyazungusha; kwamba ni mzunguko wa dunia, hilo uliambiwa. Mzunguko wa dunia hupinda mwendo wa pepo na mikondo ya bahari, lakini athari hiyo hufikia sifuri kwenye ikweta, na hatua 20 kando yake bado ni kama haipo. Mwaka 1962 mhandisi Mmarekani Ascher Shapiro aliipima katika tangi lenye upana wa karibu mita 1.8, mbali sana kaskazini mwa ikweta, na hata huko ilimbidi ayaache maji yatulie kwa saa 24 ndipo ionekane. Tena yalizunguka kinyume cha mishale ya saa, yaani kinyume cha ulichoonyeshwa wewe upande wa kaskazini!

Lugha yetu inatusaidia hapa, kwa kuwa mtu anaweza kuwa mkweli na bado asemalo lisiwe kweli. Ukweli wa msemaji umo moyoni mwake: anasema anachokiamini. Ukweli wa neno hupimwa kwa jambo lenyewe, kama lilivyo, awepo wa kuliamini au asiwepo. Abiria wako alichanganya hayo mawili, nadhani kwa nia njema, ili safari iendelee kwa amani.

Nakubali kwamba yapo mambo yaliyo kweli kwa sababu watu wamekubaliana. Mwaka 1884 wajumbe wa mataifa walikutana Washington wakachagua mstari wa Greenwich uwe longitudo sifuri. Wangeweza kuchagua mwingine, na Wafaransa waliendelea kupimia saa zao kwa wa Paris hadi mwaka 1911. Ikweta haikupigiwa kura. Dunia inazunguka kwenye mhimili wake, na ikweta iko katikati ya ncha zake mbili. Alama ya Kayabwe ikihamishiwa mji wa Lukaya kesho, wapiga picha wataifuata Lukaya na ikweta itabaki ilipo.

Ukipita tena, omba umimine maji mwenyewe. Simama upande mmoja tu wa mstari, umimine kwanza kwenye ukingo wa kulia wa beseni, kisha, mara ya pili, ukingo wa kushoto, na kila mara utie ua dogo juu ya maji kabla ya kufungua tundu, uone kama mzunguko unafuata ukingo uliomiminia badala ya upande wa mstari. Mwite na yule abiria, kama bado anasafiri nawe.