Mkondo wa silia na kalsiamu: tazama upande wa ndani kwanza

Mkuu, umeuliza kwa nini mkondo wa umeme wa PKD2L1, chaneli (mlango wa protini unaopitisha ayoni) iliyo kwenye silia ya msingi (kinywele kidogo kinachochomoza kwenye seli), unapanda ukiongeza kalsiamu kwenye maji ya nje, kisha unazimika na haurudi hata ukiosha. Nimehangaika na jambo hilohilo miaka mitatu nikiwa nimeinamia darubini na pipeti.

Chaneli yako ni nzima. PKD2L1 hupitisha kalsiamu vizuri, na kalsiamu ikishaingia huigeukia chaneli yenyewe kutokea ndani: kwanza huichochea, ikirundikana huizima. Watafiti DeCaen na wenzake walilieleza hili mwaka 2016. Kwa hiyo unabadilisha cha nje, lakini unachokipima kinaamuliwa na cha ndani.

Piga hesabu kidogo. Silia yenye urefu wa mikroni 5 na unene wa mikroni 0.2 ina ujazo wa femtolita 0.16 hivi. Kwa ukolezi wa nanomola 100, kiwango cha kawaida cha saitoplazimu (ute wa ndani ya seli), humo mngekuwa na ayoni huru za kalsiamu 10 tu. Delling na wenzake walipopima mwaka 2013 walikuta silia iko juu zaidi, karibu nanomola 600, yaani ayoni 60 hivi. Sasa mkondo wa kalsiamu wa pikoampia 1 tu huingiza ayoni milioni 3 kwa sekunde! Nyingi hunaswa na protini, nyingine huvujia kwenye seli kupitia shina la silia, lakini bado ni gharika. Siku nilipoiandika hesabu hiyo ndipo nilipoacha kuilaumu chaneli.

Kosa langu lilikuwa kwenye pipeti, yaani kwenye maji yake yanayogusa upande wa ndani wa chaneli. Niliandika daftarini "bila kalsiamu" kwa sababu sikuiweka, wala sikuweka EGTA, kemikali ya kunasa kalsiamu. Maji na chumvi za maabara huja na kalsiamu yake, na bila kitu cha kuinasa hufika mikromola kadhaa kwa urahisi. Chaneli zangu zilikuwa zimeshachochewa kabla sijaanza kurekodi. Miezi minne ya data niliitupa, na iliniuma.

Nilipoweka EGTA nikajikwaa tena: ikinasa kalsiamu huachia protoni, pH ikashuka. Rekebisha pH mwishoni, baada ya kila kitu kuingia.

Halafu usiihamishie PKD2, chaneli nyingine ya ukoo huohuo, matokeo haya. Ile ya seli za figo hupitisha zaidi potasiamu na sodiamu, ingawa kalsiamu ya ndani nayo huikuza. Ndiyo hiyo ambayo mabadiliko ya jeni yake huleta ugonjwa wa vifuko vya figo, kwa hiyo tukiichanganya na binamu yake tunawapotosha watu wanaotafuta tiba.

Wiki hii rudia jaribio lako kwa EGTA, kisha kwa BAPTA, kinasa kalsiamu kingine, kalsiamu huru ya pipeti ikiwa ileile. BAPTA hunasa haraka zaidi, hata karibu na mdomo wa chaneli. Kwangu, nikitumia BAPTA, mkondo ulichelewa sana kuzimika. Weka hapa grafu zote mbili tuzitazame.