Kabla ya kusaini mkopo wa robo saa: yaliyonipata Texas

Dada yetu aliyefika Texas miezi minane iliyopita ameuliza kama akope dola 600 za kutengeneza gari katika duka lililo karibu na kazini kwake, ambako ameambiwa atapewa fedha ndani ya robo saa bila kuulizwa historia ya mikopo, yaani kumbukumbu za jinsi alivyolipa madeni yake. Namjibu kwa urefu kwa sababu mwaka 2017, nikiwa sijamaliza hata mwaka tangu nitoke kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, nilikopa dola 500 katika duka la namna hiyohiyo, na watoto wangu ndio walioumia.

Mkataba ulinitaka nilipe dola 610 baada ya wiki mbili. Siku ilipofika kodi ya nyumba ilikuwa imekwisha kuumeza mshahara, na karani, ambaye alikuwa mpole sana, akaniambia nilipe 110 tu ili deni lisogezwe mbele wiki mbili nyingine. Niliona nimehurumiwa. Nilifanya hivyo mara kumi, na kufikia mwezi wa tano tangu nikope nilikuwa nimetoa dola 1,100 huku zile 500 zikidaiwa kama siku ya kwanza, maana nilichokuwa nikilipa ni ada peke yake. Asilimia 22 kwa wiki mbili, ukiizidisha kwa vipindi 26 vya mwaka, ni asilimia 572. Namba hiyo ilikuwa imeandikwa kwenye karatasi niliyoisaini, kwa kuwa sheria ya shirikisho ya mwaka 1968 inamlazimu mkopeshaji kuonyesha riba ya mwaka na gharama yote ya mkopo. Mimi sikujua pa kutazama. Hapa Texas ada hizo hazina ukomo, kwa sababu duka hujiandikisha kama wakala wa kukutafutia mkopo, na ada ya wakala haihesabiwi kuwa riba, ilhali jimbo la Illinois limeweka kikomo cha asilimia 36 kwa mwaka tangu mwaka 2021.

Aliyenitoa humo ni mama mmoja wa Bukavu, Kongo, tuliyefanya naye kazi, aliyenipeleka kwenye chama cha kuweka na kukopa, yaani krediti yunioni. Baadhi ya vyama hivyo vilivyosajiliwa na serikali ya shirikisho hutoa mkopo mdogo uliobuniwa makusudi kuwaokoa watu na maduka yale: riba yake haizidi asilimia 28 kwa mwaka, ada ya maombi haizidi dola 20, hauruhusiwi kusogezwa mbele, na kila malipo hupunguza deni lenyewe. Dola 500 kwa miezi sita zilinigharimu pungufu ya dola 65, riba na ada pamoja. Vyama vingine hutaka uwe mwanachama kwa mwezi mmoja kwanza, kwa hiyo, dada, jiunge wiki hii hata kama fundi atakubali kulipwa kidogo kidogo, jambo ambalo nakusihi umwombe kabla ya kukopa popote.

Usiweke hati ya gari rehani kamwe, kwani gari likichukuliwa na kazi itakwenda nalo. Anayekudai fedha kwanza ndipo akupe mkopo ni mwizi. Na akikutisha mtu kwamba utafungwa au utarudishwa ulikotoka kwa sababu umeshindwa kulipa, fahamu kwamba kushindwa kulipa deni si jinai; lakini barua ya mahakama ikija, usiipuuze, itikie kabla siku iliyotajwa humo haijapita.

Kuhusu historia ya mikopo, ikiwa ulikuja kama mkimbizi huenda tayari unayo bila kujua. Mkopo wa nauli ya ndege wa Shirika la Kimataifa la Uhamiaji hauna riba, na malipo yake ya kila mwezi, yakifika kwa wakati, huingia kwenye kumbukumbu zako. Chukua stakabadhi hizo, hati za mshahara za miezi miwili na kitambulisho, kisha ukifika dirishani uliza maswali mawili tu: riba ya mwaka ni asilimia ngapi, na nikilipa mara ya kwanza deni litabaki dola ngapi.