Namba 6 kwenye hurling: kwa nini kocha anamkataza kumfuata namba 11

Mkuu, umeuliza kwamba kijana wako wa miaka 16 hapo Limerick, Ireland, kapangwa namba 6 kwenye mechi ya ubingwa wa kaunti ya hurling (mchezo wa Ireland wa kupiga mpira mdogo kwa gongo) wikiendi hii, na kocha kamwambia abaki katikati hata kama namba 11 wa wapinzani atakimbilia pembeni. Wewe unaona kama anafichwa, kwamba wenzake wanakimbia yeye kasimama. Niko Ireland miaka mingi na nipo kwenye benchi la ufundi la vijana wa klabu moja ya kijijini, kwa hiyo niruhusu nijibu kwa urefu. Hajafichwa hata kidogo. Ukimtoa kipa, kapewa nafasi ngumu kuliko zote.

Kwanza weka kando namba sita tuliyoizoea kwenye soka la kwetu, yule kiungo mkabaji anayezurura uwanja mzima. Kila timu ya hurling ina wachezaji 15. Kipa ni 1, mabeki wa nyuma kabisa ni 2, 3 na 4, mbele yao kuna 5, 6 na 7, viungo ni 8 na 9, halafu 10, 11 na 12, na mwisho kabisa karibu na goli la wapinzani 13, 14 na 15. Kila mmoja ana mtu wake wa kukabana naye: 6 na 11, 3 na 14, 5 na 12, na kadhalika. Kwenye karatasi ni watu wawili wawili. Mechi ikianza, mambo yanabadilika.

Yanabadilika kwa sababu ya uwanja na mpigo wa kipa. Uwanja una urefu wa mita 130 hadi 145 na upana wa mita 80 hadi 90. Kila washambuliaji wakitoa mpira nje nyuma ya goli, au wakifunga, kipa anaanzisha kwa gongo, na kipa mzuri anavusha mpira juu ya vichwa vya viungo. Unaangukia wapi? Kwenye mstari wa 5, 6 na 7 wa timu nyingine. Hilo linatokea tena na tena mechi nzima. Anayeshinda mipira hiyo ndiye anayeshambulia, anayeshindwa anarudi nyuma kukimbizana.

Sasa fikiria kijana wako amemfuata namba 11 hadi karibu na mstari wa pembeni. Katikati pamebaki wazi, na nyuma ya uwazi huo yupo namba 3 peke yake na namba 14, hana mtu wa kumkingia mbele. Mpira mmoja mrefu ukipigwa hapo, 14 anaukimbilia ana kwa ana na goli. Mpira ukipita juu ya mwamba kati ya milingoti ni pointi 1, lakini ukiingia wavuni ni goli, na goli lina thamani ya pointi 3. Kocha yeyote mwenye akili yuko radhi kumwachia namba 11 pointi 1 ya kupiga kutoka mbali pembeni kuliko kufungua mlango wa kati. Ndiyo maana namba 11 wajanja hutumwa makusudi wakatangetange, ili wamng'oe namba 6 mahali pake.

Tuliliona hilo kwenye nusu fainali ya vijana. Namba 11 wao alianza kuhama tangu dakika za mwanzo, mara kushoto, mara kulia. Kijana wetu akageuka kutazama benchi. Kocha mkuu akamwonyesha kwa kiganja kwamba abaki hapohapo, na namba 5 akapewa ishara amchukue yule mtu akija upande wake. Ikawa wanapokezana: akienda kulia 5 anamchukua, akienda kushoto ni 7, na 6 yuko palepale anasubiri mpira. Kipindi cha pili kipa wao aliacha kabisa kupiga katikati.

Tazama pia namna anavyosubiri, maana kusimama kwake kuna kazi ndani yake. Mpira ukiwa juu, namba 6 mzuri haendi chini yake mapema. Anabaki nyuma hatua moja au mbili, kisha anaingia kwa kasi mpira ukishuka, ili apande wakati mpinzani wake tayari kakwama miguu chini. Mkono wa kushoto unapanda kudaka, na gongo analolishika kwa kulia linapanda mbele ya vidole kuvikinga na gongo la mpinzani. Asipokuwa na uhakika wa kudaka, hatakiwi kulazimisha. Anaupiga chini kwa gongo, mpira uvunjikie mbele yake, yaani udondoke bila mwenyewe, hapo 5, 7 na viungo waugombanie. Mwambie kijana kwamba mpira uliovunjwa vizuri ni kazi iliyokamilika, hata kama hakuna atakayempigia makofi.

Limerick mnapoishi mmepata mfano bora wa jambo hili. Timu ya kaunti chini ya John Kiely, na Paul Kinnerk akiwa mwalimu wa mazoezi, ilichukua ubingwa wa Ireland nzima mwaka 2018, ukiwa wa kwanza kwao tangu 1973, halafu mara nne mfululizo kuanzia 2020 hadi 2023. Nahodha na namba 6 wao kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo alikuwa Declan Hannon. Watu walikuwa wakisema hana mbio. Lakini tafuta mechi zake utazame amesimama wapi: karibu kila mara yuko kati ya mpira na goli lake. Kwa kuwa yeye alitulia, Diarmaid Byrnes upande wake wa kulia na Kyle Hayes upande wa kushoto walipata uhuru wa kupanda. Byrnes alikuwa beki lakini akifunga pointi kutoka mbali sana, na mwaka 2022 alitajwa mchezaji bora wa hurling wa mwaka. Mimi naamini bila Hannon pale kati, Byrnes huyo tusingemwona.

Kuna jambo la pili uliloligusia, kwamba wapinzani wenu huwa wanamrudisha mshambuliaji mmoja nyuma awe beki wa ziada. Wakifanya hivyo, upande wenu utabaki na mtu mmoja asiye na wa kukaba, na mara nyingi huyo ni namba 6. Itaonekana kama zawadi, ila akipewa mpira akaupiga mrefu bila kutazama, anaupeleka moja kwa moja kwa yule beki wa ziada wa kwao. Mpira ule unatakiwa upelekwe kwa pasi fupi, au pembeni kabisa ambako beki wa ziada hafiki.

Fainali ya ubingwa wa Ireland nzima ya 2025, kati ya kaunti za Cork na Tipperary, inaonyesha hali hii inavyoweza kugeuza mechi. Mwezi Aprili Cork waliifunga Tipperary kwa tofauti ya pointi 15 kwenye michuano ya jimbo la Munster, ingawa siku ile Tipperary walicheza pungufu tangu mwanzo. Tarehe 20 Julai wakakutana tena Croke Park, uwanja mkuu wa Dublin. Liam Cahill, kocha wa Tipperary, akamweka Bryan O'Mara nyuma kama mtu wa ziada mbele ya goli, na washambuliaji wa Cork wakaanza kukuta kila mpira mrefu una mwenyewe. Cork waliongoza kwa pointi 6 wakati wa mapumziko. Kipindi cha pili kizima wakapata pointi 2 tu, Tipperary wakapata goli 3 na pointi 14, na matokeo yakawa 3-27 kwa 1-18 (namba ya kwanza ni magoli, ya pili ni pointi). Pointi 15 zilezile, safari hii upande mwingine. Najua Cork walipewa kadi nyekundu na wakakosa penalti, na hayo yaliwaumiza. Lakini timu haikauki namna ile kwa kadi peke yake. Njia ya kati ilikuwa imezibwa.

Jambo ambalo kwangu mimi lina uzito kuliko mbinu zote ni faulo. Namba 6 anacheza eneo ambalo mpigaji mzuri wa wapinzani anafunga bila shida. Akimvuta mtu jezi au akimgonga mkono kwa gongo akiwa mita 50 kutoka golini, ni sawa na kuwapa pointi mkononi. Refa anaiona haraka kwa sababu iko katikati kabisa. Afadhali amwache mtu ageuke, amsindikize bega kwa bega hadi pembeni, ambako pembe ni mbaya na wenzake wanakuja kusaidia. Mwenye mpira mkononi haruhusiwi kuvuka hatua nne, kwa hiyo akikabwa kwa subira lazima atafanya kitu, na mara nyingi ni hapo anapokosea.

Siku ya mechi, tafadhali usimpigie kelele akimbie. Wazazi wengi wetu tunafanya hivyo kwa mapenzi, ila sauti ya baba inasikika kuliko ya kocha, na kijana akitoka mahali pake kwa ajili yako timu nzima inafunguka. Mkumbushe abebe gongo la pili na la tatu, kwa kuwa yanapasuka. Na kabla ya siku yenyewe mwambie amuulize kocha mambo mawili: namba 11 akienda pembeni ni nani hasa anamchukua, na kipa wenu akipiga mpira mfupi, yeye 6 apokee au ajisogeze kumpisha namba 5. Akiyajua hayo mawili kwa uhakika ataingia uwanjani ametulia.