Kinga ya Utamaduni Iandikwe Ndani ya Mikataba ya Biashara

Mhariri, swali lenu la wiki hii linauliza iwapo serikali ziruhusiwe kukinga kazi za utamaduni dhidi ya masharti ya biashara huria. Jibu langu ni ndiyo, tena kinga hiyo iwekwe ndani ya mikataba ya biashara yenyewe, kwa kuwa ile iliyowekwa kwingineko imekwisha kuonekana haina nguvu.

Tazameni kesi ya majarida ya Kanada. Mwaka 1993 Sports Illustrated ilianza kutoa toleo la Kanada: kurasa zilizoandaliwa Marekani zilirushwa kwa setilaiti hadi kiwanda cha uchapaji nchini Kanada, zikatiwa matangazo ya wafanyabiashara wa huko, jarida likaingia sokoni. Kwa kuwa waandishi na wapigapicha walikuwa wamekwisha kulipwa kwa mauzo ya Marekani, nafasi ya tangazo iliweza kuuzwa kwa bei ambayo jarida la wenyeji, linalotegemea matangazo hayohayo, lisingeimudu. Mwaka 1995 Kanada ikatoza kodi ya asilimia 80 ya thamani ya matangazo katika matoleo ya namna hiyo. Marekani ikaishtaki katika Shirika la Biashara Duniani, na mwaka 1997 Kanada ikashindwa. Utetezi wake kwamba makala yaliyoandikwa kwa ajili ya Wakanada si sawa na ya wasomaji wa nchi nyingine haukuiokoa, maana kilichopimwa ni ushindani wa majarida hayo sokoni.

Mkataba wa UNESCO wa mwaka 2005 wa kulinda uanuwai wa kazi za utamaduni, uliopitishwa kwa kura 148 huku Marekani na Israel zikiupinga, ulikusudiwa kuziba pengo hilo. Hata hivyo, Kifungu cha 20, baada ya kutamka kwamba mkataba huo hauko chini ya mingine, kinasema pia kwamba haubadilishi haki wala wajibu wa nchi katika mikataba hiyo mingine. Korea Kusini iliuunga mkono, lakini mwaka 2006, ili mazungumzo ya biashara na Marekani yaanze, ikapunguza siku za lazima za kuonyesha filamu za Kikorea katika majumba ya sinema kutoka 146 hadi 73 kwa mwaka.

Nchi isiyoorodhesha huduma za filamu, redio na televisheni katika ahadi zake za biashara ya huduma, yaani orodha ya huduma inazokubali kuwafungulia wageni, hubaki na uhuru mkubwa wa kuwasaidia wasanii wake. Ikishaziorodhesha kisha ikataka kuziondoa, huweza kudaiwa fidia na nchi nyingine. Kwa hiyo naziomba serikali zetu, zinapojadiliana kuhusu soko huru la Afrika, ziwaketishe maofisa wa utamaduni kwenye meza hiyohiyo kabla orodha hizo hazijatiwa saini.