Gari la Umeme Limefika, Betri Mnaiogopa Bure: Maswali ya Wasomaji

Barua zimejaa humu na karibu zote zinasema kitu kimoja, mtu kalipia gari la umeme, liko njiani au limeshafika, na sasa usingizi hauji kwa sababu ya betri. Niseme mapema tu, ile betri kubwa ndo kitu cha mwisho kukusumbua miezi ya mwanzo. Wanaotusumbua ni soketi, waya, simu na kale kabetri kadogo ambako hakuna anayekaongelea. Twende.

SWALI: Wiki ijayo naenda kuchukua gari langu, la kwanza la umeme na la kwanza jipya kabisa maana miaka yote nimeendesha mitumba, sasa mume wangu anasema we saini tu uchukue funguo gari jipya litakuwa na nini, mimi moyo unakataa. Niangalie nini?

JIBU: Dada, moyo wako uko sahihi na shemeji atusamehe. Hilo gari jipya limepanda meli, limeshuka, limepakiwa kwenye trela, limesogezwa huku na kule na watu ambao si lao, na pengine limekaa yadi miezi. Nenda mchana kweupe, usiende jioni, na kama mvua inanyesha au ndo wametoka kuliosha subiri likauke kwanza maana maji yanaficha mikwaruzo vizuri sana.

Zunguka taratibu. Kioo cha mbele, rimu, kingo za milango, rangi ya bampa na ya fenda uziangalie kwa pembeni kama zinafanana. Namba ya chesisi ina herufi na tarakimu 17, ya kwenye gari ilingane na ya kwenye karatasi, moja moja, usisome haraka. Kwenye ubavu wa tairi tafuta maandishi ya DOT, tarakimu nne za mwisho ndo tarehe ya kutengenezwa, ukikuta 2325 ni wiki ya 23 ya mwaka 2025. Hapo unajua tairi zina umri gani.

Halafu fungua sakafu ya buti. Magari mengi ya umeme hayana spea taili, yana pampu ndogo na dawa ya pancha, bora ulijue hilo ukiwa pale kuliko uje ulijue usiku barabarani. Ulizia waya wa kuchajia, kuna magari yanakuja nao na kuna mengine unauzwa kando na hakuna atakayekwambia mpaka uulize.

Sasa kubwa kuliko yote, na watu wengi wanairuka: waambie wachomeke gari lichaji ukiwa umesimama pale. Uone taa ya kwenye mdomo wa kuchajia imewaka, uone kilowati zinapanda kwenye skrini, ndo usaini. Kama wana chaja ya kawaida na ya haraka jaribu zote mbili maana ni njia mbili tofauti ndani ya gari, moja inaweza kufanya kazi nyingine isifanye. Na usiondoke kabla gari halijaingia kwenye akaunti yako wewe kwenye simu. Kama bado liko kwenye akaunti ya muuzaji, kuna magari mtu wa shorumu anaweza kuona limepaki wapi na hata kulifungua, na wewe mwenye mali huoni kitu. Kasoro yoyote ukiiona iandikwe kwenye karatasi ya makabidhiano, msaini wote, piga picha. Ile "njoo tu wiki ijayo tutakurekebishia" haina ushahidi.

SWALI: Tangazo lilisema kilomita 500. Nimechaji mpaka asilimia 100, inanisomea kilomita 390. Nimeibiwa?

JIBU: Hujaibiwa kaka, ila tangazo nalo halikukwambia lote. Zile 500 zinatoka kwenye vipimo vya maabara, na vipimo vyenyewe havilingani. Cha China kinaitwa CLTC na ni kikarimu mno, cha Ulaya ni WLTP kiko katikati, cha Marekani cha EPA ndo kinakaribia zaidi uendeshaji wa kweli. Gari lile lile linapata namba tatu, na muuzaji atakuandikia ipi? Ile kubwa.

Namba ya kwenye dashibodi nayo si kipimo cha betri, ni makadirio. Gari linaangalia ulivyoendesha siku za karibuni linakisia. Na mtu mwenye gari jipya anaendeshaje? Anakanyaga, kila rafiki anataka aonyeshwe linavyoruka, AC iko juu, gari linabaki limewaka watu wanachezea skrini. Likae na wewe kwanza litulie.

Ukitaka ukweli acha kuangalia kilomita, weka dashibodi ionyeshe asilimia, halafu tafuta kwenye menyu sehemu ya matumizi, inaandikwa kilowati saa (ndo uniti zile zile za umeme unazonunua) kwa kilomita 100. Hiyo ndo namba yako. Betri ya kilowati saa 60 ukitumia 15 unafika kilomita 400, ukitumia 20 unafika 300, betri ni ile ile. Kinachokutoa 15 kukupeleka 20 ni spidi kwanza, maana nguvu ya upepo inaongezeka kwa mraba wa spidi, kutoka 90 kwenda 120 upepo unakusukuma karibu mara mbili. Kwenye gari la mafuta hukuwa unaona hilo sana kwa sababu injini ilikuwa inapoteza nguvu nyingi kwenye joto hata hivyo. Baridi nayo inakula, kwa sababu gari halina injini ya moto ya kukupa joto la bure, hita inakula betri. Foleni sasa, ambayo zamani ilikuwa inakumaliza mafuta, hapa ndo gari linapumua.

SWALI: Nachajia nyumbani kwa soketi ya kawaida ya ukutani na ekstensheni kwa sababu waya haufiki, plagi inapata moto kiasi, si wa kuunguza. Jirani ambaye naye ana gari la umeme anasema ni kawaida.

JIBU: Si kawaida, na leo usiku usichaji hivyo. Nakuomba kabisa.

Soketi ya nyumbani ilitengenezwa ikitegemea vitu vya dakika chache. Birika la umeme linavuta mkondo mkubwa tu lakini maji yakichemka linazima. Gari linavuta saa nane, saa kumi, bila kupumzika, na sehemu yoyote iliyolegea, skrubu nyuma ya soketi, pini iliyochakaa, inaanza kupata moto taratibu, na ikipata moto inalegea zaidi, ikilegea zaidi inazidi moto. Ekstensheni ndo mbaya zaidi, hasa kama waya wake mwembamba au umeuacha umejiviringisha, joto linabaki humo humo. Angalia soketi yenyewe, ukiona imegeuka rangi ya kahawia pembeni ya matundu au inanuka plastiki, hiyo imeshaanza kuungua.

Cha kufanya leo, toa ekstensheni, sogeza gari, kama soketi ni nzima ingia kwenye menyu ya kuchaji ushushe ampea mpaka 8 au hata 6, baada ya kama nusu saa gusa plagi. Ikibaki ya uvuguvugu tu haya, ikipata moto chomoa. Halafu tafuta fundi umeme wa kweli, mwenye leseni, achana na yule wa kufunga taa za sherehe, akuvutie laini ya peke yake kutoka kwenye DB (lile boksi la breka), waya mnene, breka yake, na swichi ya kukata umeme ukivuja. Hapo usibane hela.

Ila usidanganywe ununue kiboksi cha kuchajia kikubwa kuliko gari lako. Chaja yenyewe imo ndani ya gari, kile kiboksi cha ukutani ni kama swichi tu yenye usalama. Kama chaja ya ndani ya gari mwisho wake ni kilowati 7.4, ukifunga kiboksi cha 22 bado litavuta 7.4 na hela imekwenda.

Na pengine hata huhitaji kikubwa. Ampea 10 kwa volti 230 ni kilowati 2.3, usiku wa saa kumi ni kama kilowati saa 23, toa zinazopotea njiani unabaki na karibu 20, hiyo ni kilomita mia na kitu. Mtu wa kwenda kazini na kurudi zinamtosha kabisa. Shida si kasi, shida ni soketi mbovu.

SWALI: Nikichaji, huyu anasema niishie asilimia 80, yule anasema nijaze 100. Nani mkweli?

JIBU: Wote, inategemea betri. Kama ni NMC, yenye nikeli, siku za kawaida ishia 80 na ujaze 100 ukiwa na safari kesho yake, haipendi kukaa imejaa siku nyingi. Kama ni LFP, yenye chuma na fosfeti badala ya nikeli, watengenezaji wengi wanataka uijaze 100 angalau mara moja kwa wiki, kwa sababu volti ya LFP haibadiliki sana katikati na kompyuta ya gari inapotea hesabu, ijaze ili ijue ilipo. Kitabu cha gari kimeandika ipi ni yako. Kisome, ni kitabu tu.

SWALI: Asubuhi nimetoka gari limekufa. Skrini nyeusi, mlango haufunguki, simu inasema haliko hewani, na jana usiku betri ilikuwa 70! Nililipa pesa zote hizi kwa hili?

JIBU: Pole sana mama, na hapa ndo tunakutana na kale kabetri kadogo. Karibu kila gari la umeme lina betri ya pili, ndogo, kwa kawaida ya volti 12, na hiyo ndo inayowasha kompyuta, inafungua vitasa, na inafunga zile swichi nzito zinazounganisha betri kubwa na gari. Ikiisha, betri kubwa inaweza kuwa na 70 au 100, haina wa kuiamsha.

Gari jipya linafanyaje hivyo? Mara nyingi lilikaa yadi muda mrefu kabetri kakachoka kabla hujalipata. Au kamera za ulinzi zinakesha, au wewe mwenyewe unafungua simu kila baada ya muda kuliangalia (naelewa, ni jipya) na kila ukifungua unaliamsha. Tafuta kwenye kitabu namna ya kufungua mlango bila umeme, mengi yana ufunguo wa chuma umefichwa ndani ya rimoti, mengine yana waya mdogo nyuma ya bampa wa kupelekea volti 12 ili boneti ifunguke. Magari mengi unaweza kuyaamsha kwa betri nyingine ya volti 12 kama gari lolote, ila la kwako usilitumie kuwasha la mwenzako, watengenezaji wengi wanakataza. Likiamka lirudishe kwa muuzaji wabadilishe kabetri, liko ndani ya garantii, wasikuambie habari ya "tuliangalie kwanza".

SWALI: Waya umeng'ang'ania kwenye chaja ya nje, hautoki, watu wanapiga honi. Nilitaka kuuvunja.

JIBU: Usivute! Kuna pini ya chuma imeushika. Simamisha kuchaji kwenye mashine au kwenye simu, funga gari, fungua tena, usukume waya ndani kidogo ndo uvute. Ukikataa, baadhi ya magari yana kamba ya dharura upande wa ndani, kwenye buti au chini ya boneti. Na kama ulikuwa umeshapita 80, wenye honi wana haki kidogo, baada ya hapo chaja ya haraka inapunguza kasi sana na wewe umekalia foleni.

SWALI: Mke wangu na watoto wanatapika kwenye hili gari, kwenye la zamani hawakuwa hivyo. Tena asubuhi moja nimeachia eksileta gari likateleza tu halipungui, nikaogopa breki zimekufa.

JIBU: Mambo mawili na yote yana chanzo kimoja. Ukiachia eksileta mota inageuka jenereta, inarudisha umeme kwenye betri na gari linapungua. Wewe unaachia ghafla kama ulivyozoea kwenye la mafuta, vichwa vya abiria vinakwenda mbele vinarudi nyuma, safari nzima. Punguza kiwango cha hiyo breki kwenye menyu mpaka cha chini, kisha mguu uinuliwe pole pole, usiachie moja kwa moja. Baada ya siku chache utaupata.

Asubuhi ile ulikuwa umechaji 100, sivyo? Betri ikijaa umeme wa kurudishwa hauna pa kwenda, basi mota haipunguzi mwendo. Breki za miguu ziko palepale, kanyaga tu. Betri ikiwa baridi sana inatokea hivyo hivyo.

SWALI: Fundi wangu wa siku zote anasema nilipeleke amwage oili. Nimpelekee?

JIBU: Amwage kutoka wapi? Halina oili ya injini. Anaweza kukuangalizia tairi, na aziangalie kweli kwa sababu gari ni zito na lina nguvu papo hapo zinalika haraka, chujio la hewa ya ndani, mafuta ya breki kwa muda ulioandikwa. Breki zenyewe hazitumiki sana, zinashika kutu kuliko zinavyolika. Likiharibika njiani mwambie asilivute kwa kamba, lipandishwe juu ya gari la kubebea, maana magurudumu yakizunguka mota inazalisha umeme. Na waya wowote wa rangi ya machungwa chini ya boneti asiuguse, humo zinapita volti 400, magari mengine 800.