Tairi limetoa nundu baada ya gari kujipaki lenyewe

Dada, pole. Umesema gari lilijipaki lenyewe kwa mfumo wake wa kujiegesha kando ya Barabara ya Kenyatta, Mwanza, tairi la nyuma kushoto likasuguana na kingo, sasa ubavu umetoa nundu na fundi anakushauri uweke tyubu.

Usiweke. Nundu ile ina maana nyuzi za ndani zimekatika, na upepo unasukuma mpira mtupu. Tyubu haiunganishi nyuzi, na kiraka hakishiki ubavuni kwa sababu pale tairi hujikunja kila mzunguko. Funga spea leo, na usithubutu kwenda Sengerema na tairi hilo. Likipasuka ukiwa mwendo mkali, usukani utakushinda.

Gari langu lilinifanyia hivyo Capri Point, hapo hapo Mwanza. Nilipitisha kidole ubavuni nikakuta uvimbe kama nusu ya ndimu, na rimu imekwanguka mpaka chuma kinang'aa. Sensa za kwenye bampa huona ukuta na gari la jirani, lakini kingo fupi hupita chini yake. Tangu siku hiyo, penye kingo napaki kwa mkono, kioo cha kushoto nimekiinamisha nione tairi.

Ukinunua jipya, soma namba nne mwishoni mwa maandishi yanayoanza na DOT ubavuni mwa tairi, zinaonyesha lilitengenezwa lini: 2324 ni wiki ya 23, mwaka 2024. Wakague rimu kama imepinda, kisha upime alaimenti, yaani kama magurudumu yamekaa sawa. Na tairi la mbele kushoto, umelipapasa upande wa ndani?