Kulima Sawa, Lakini Mkono Uandikwe

Bwana Mhariri,

Wiki hii mmeuliza kama mfungwa anayelimishwa shamba la gereza anafunzwa kazi au ananyonywa. Nilikuwa askari jela miaka mingi, mingi yake huko bara kwenye mahindi, kabla ya kustaafu na kurudi kwetu Kisauni. Watu wa mjini wakisikia jela huona kuta na senyenge tu. Shambani hakuna ukuta wa kumzuia mtu katikati ya mahindi yaliyompita kimo. Kinachomzuia ni hesabu.

Alfajiri vyumba vikifunguliwa, wanachuchumaa safu safu ndani ya zile nguo za michirizi tunazoziita kunguru, tunawapitia kwa kidole. Kisha uji, kisha magengi: la palizi, la ng'ombe, la kuni, la jikoni. Kabla ya kutoka langoni, askari wa kila gengi anatia sahihi kitabuni. Watu 18, majembe 18, panga 2. Jioni irudi idadi ile ile. Jembe likipungua ni kesi, mtu akipungua ni filimbi na mbio. Na kila gengi lina nyapara wake, mfungwa mwenzao, ambaye askari mgeni humdharau siku ya kwanza na kumtafuta siku ya pili, kwa sababu ndiye anayejua nani anaumwa kweli na nani anategea.

Sasa sikilizeni. Msimu mmoja wa palizi, jioni, tukapungukiwa mtu mmoja. Mvua inanyesha, si mchezo. Desturi yetu ilikuwa hesabu isipotimia hakuna anayeingia wala anayekula. Wafungwa wamechuchumaa matopeni, sisi tumesimama, kitabu tumekifunika nailoni. Tukahesabu mara tatu, tukahesabu ya nne. Inakaribia saa moja usiku, huyo anatokea, jembe begani, wala hana habari. Alikuwa kwa mkubwa mmoja, analima bustani ya mboga ya mkewe, na hakuna aliyemwandika popote. Mfungwa ndiye aliyeadhibiwa. Mkubwa hakuulizwa hata neno, na mimi mwenyewe nilinyamaza, niliogopa uhamisho.

Jibu langu limo humo. Kazi yenyewe siioni ubaya. Nimeona vijana waliofika hawajui jembe linashikwa wapi, wakatoka wanajua kukamua na kupima mbolea. Wengi waliomba wenyewe kuwekwa kwenye gengi, maana chumbani siku haiishi. Lakini mkono wa mfungwa ni wa serikali, si wa mtu. Hata mkataba wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1930, ambao Kenya imo, unakubali aliyehukumiwa na mahakama afanyishwe kazi chini ya usimamizi wa serikali, ila asikodishwe wala asiwekwe chini ya mtu binafsi au kampuni. Bustani ya mke wa mkubwa ni ya mtu binafsi, hata kama ni matuta matatu ya sukuma wiki.

Na sisi wa pwani tusijifanye hatujui mambo haya hufika wapi yakikosa wa kuyatazama. Hola si mbali, ni hapo Tana River. Tarehe 3 Machi 1959 mahabusu 11 wa kambi ya Hola walipigwa hadi kufa kwa kukataa kazi ya kuchimba, na taarifa ya kwanza ya wakoloni ikasema walikufa baada ya kunywa maji. Pale waliandika. Waliandika uongo.

Wenye vifungo vifupi nisiwaseme sana. Tangu 1998 ipo sheria ya kutumikia jamii, mtu anafagia soko na kulala kwake, nami naona wangepelekwa huko wengi zaidi.

Sasa malipo. Wakubwa walipenda kutuambia kwamba mshahara wa mfungwa ni ile theluthi ya kifungo anayopunguziwa kwa bidii na mwenendo mwema. Haya, lakini theluthi hiyo hiyo anaipata aliyefagia ukumbi na aliyevunjika mgongo kwenye mahindi. Na haipandi matatu. Ningekuwa na amri, kitabu cha langoni kingekuwa na safu mbili zaidi: gunia lilikwenda wapi, na huyu amejifunza nini. Hiyo ya pili angepewa karatasi yake siku ya kutoka, yenye mhuri, aende nayo kwa mwenye ng'ombe Kikambala akaajiriwe.

Pesa taslimu zenyewe, wakati wangu, zilikuwa za senti. Wa daraja la juu alipata senti 20 kwa siku. Mhariri asidhani nimekosea kuandika. Asubuhi moja nilimhesabia kijana wa Majengo, mtoto wa hapa hapa Mombasa, haki yake ya miaka miwili: siku 600 za jembe, shilingi 120. Akazitazama kiganjani, akaniuliza kwa adabu, "Afande, hizi ni za mwezi gani?"

Nikamwonyesha pa kutia sahihi.